Zaidi ya Hao

Nilishuka kuchapisha barua. Hakuna kingine kilichonitoa nyumbani jioni ile.

Ilikuwa Julai, saa kumi na moja na nusu, na mwezi huo giza la Durban huingia mapema. Niliwaacha wanangu, Belinda na Ernestina, kwa jirani yetu Mama Nduwimana, ghorofa ya tisa, ng'ambo tu ya lifti. Simu yangu nilimwachia Belinda kwa sababu mama yao alikuwa karibu kupiga. Nikawaambia nitarudi baada ya dakika kumi, nikashuka hadi dukani kwa Prodige.

Barua ilikuwa ya kununua nyumba. Nyumba yenyewe iko Uskoti, kwenye bonde lisilo na kijiji, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka hospitali anakofanya kazi mke wangu Doris. Ni ya mawe, ina vyumba vinne, na nyuma yake kuna kijito. Doris alikuwa muuguzi huko kwa mwaka wa tatu sasa. Alipoondoka, Ernestina alikuwa na miaka mitatu. Sasa ana sita, na mama yake akipiga simu humwamkia "shikamoo" kwa adabu, kama anayempokea mgeni, kisha hurudi kwenye michezo yake. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma. Tungeipata nyumba ile, watoto wangekwenda kwa mama yao kabla shule hazijaenda mbali, nami ningefuata.

Kule hawauzi nyumba kama tunavyouza sisi. Muuzaji hutangaza bei ya chini, na ukiitaka nyumba unatakiwa utoe zaidi ya hiyo. Inapangwa siku na saa. Kila anayeitaka huandika bei yake mara moja tu, kwa siri, akaipeleka kwa wakili. Huoni alichoandika mwenzako. Ukizidisha sana umejiumiza bure. Ukipungukiwa kwa paundi moja, nyumba imekwenda. Bei ya kuanzia ilikuwa one-forty thousand. Mwisho wa kupokea ulikuwa kesho yake, saa sita mchana.

Doris aliniachia mimi niamue. "Mimi nimeshaiona, Ephraim," aliniambia. "Nikitaja mimi, nitataja kwa moyo. Taja wewe ambaye hujaiona."

Kwa hiyo barua ilikuwa imekamilika isipokuwa pengo moja, pale inapoandikwa tarakimu. Nilikusudia kulijaza kwa mkono nyumbani, watoto wakishalala.

Kabla sijaendelea, lazima niseme jambo moja kuhusu masikio yangu.

Baba yangu alifundisha Kiswahili Muheza. Nyumbani kwetu ukisema "kiti imevunjika" ulirudia sentensi mara kumi, umesimama kwa mguu mmoja. Nilipofika Durban, miaka kumi na minne iliyopita, nilikuta Kiswahili cha Bukavu, cha Lubumbashi, cha Bujumbura, cha Mombasa, vyote katika foleni moja ya mkate. Mwaka wa kwanza niliwasahihisha watu. Kisha nikagundua kwamba nikikaribia wananyamaza. Nikaacha. Nikajifundisha kuchukua maana na kuyaacha mengine yapite. Nafanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu, kule Westville, na hata huko naona mtu akisoma kitabu kibaya kwa furaha, namwacha. Nililihesabu jambo hilo kuwa ni wema. Hata leo sijui niliite nini kingine.

"Mwalimu!" Prodige alinipokea. Huniita hivyo ingawa sijawahi kufundisha. "Karatasi wangapi?"

"Mbili."

"Wawili! Sharp."

Prodige ni wa Bukavu. Aliamua zamani kwamba Kiswahili cha Tanzania ni kutia "wa" mbele ya kila kitu, na alikuwa akinifanyia heshima hiyo kila nilipoingia. Chaja wangapi, rand wangapi, dakika wangapi. Mkewe Félicité, aliyekuwa amekaa pembeni akimsuka mteja, alicheka kama kawaida yake.

"Muache mutu wa watu na Kiswahili chako ya kuvunjika," akamwambia mumewe.

"Iko ya kuvunjika wapi? Yeye mwenyewe anaelewa. Ee, Mwalimu, ile nyumba ya Wazungu, unatoa paundi wangapi?"

"Sijui bado."

"Anza na nusu! Wanasema one-forty, wewe weka seventy. Watalia kidogo, watakupigia, utapanda pole pole."

"Hawapigi, Prodige. Unasema mara moja tu, basi."

"Mara moja?" Aliacha mashine ikichapisha, akanitazama. "Hata nyanya pale soko ya Warwick bei iko mara tatu! Hii ni nyumba ama ni mtego?"

Félicité alikata uzi kwa meno. "Sikia, Papa Belinda. Bantu bote bataandika one-fifty, one-sixty. Weye weka kamukia kwa nyuma. One-sixty-three. Kale katatu ka mwisho ndiko kanashinda."

Tukacheka wote, hata mteja. Nikalipa, nikaikunja barua mara moja, nikarudi kwenye lifti na kubonyeza tisa.

Lifti yetu ni ya zamani. Ndani yake watu wanne hujibana. Inapanda kwa kukwaruza, na kila ghorofa taa yake hufifia kidogo kisha hurudi.

Ilisimama ya nne.

Mlango ukafunguka. Ukumbi ulikuwa na giza, sikumwona mtu. Nikanyoosha mkono kubonyeza ili ufungwe... na mtu alikuwa ameshaingia. Sikumwona akipita. Nilimwona tu amesimama kwenye kona nyingine, uso ukiangalia ukuta, kama watu wanavyofanya kwenye lifti wasipotaka mazungumzo.

Alivaa koti refu la sufu nzito. Lilikuwa limelowa. Maji yalidondoka kutoka kwenye pindo lake.

To... to... to.

Mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu.

Ikaja harufu. Moshi, lakini si wa kuni wala wa mkaa. Ulikuwa kama moshi wa udongo mbichi unaoungua taratibu chini kwa chini.

Nilifikiri ni mzee aliyemwagikiwa na maji ya bomba. Mabomba ya jengo letu hupasuka. Nikamwamkia kwa mazoea.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Nikafurahi. Durban hakuna anayekuitikia hivyo. Ukisema shikamoo wengi hucheka, wanaona umewatania. Sauti ilikuwa ndogo, kavu, na sikuweza kujua kama ni ya mwanamume au mwanamke.

Tulipita ya tano. Tukapita ya sita.

Taa ikazimika. Lifti ikatingishika, ikasimama.

Nilipapasa kitufe cha dharura nikakibonyeza. Hakikulia. Nikatia vidole kwenye mwanya wa mlango, haukusogea hata unywele. Sikuwa na simu. Giza la namna ile, ukifumba macho au ukiyafumbua ni mamoja.

"Umeme huu," nikasema, kwa sababu lazima mtu aseme kitu. "Utarudi sasa hivi."

"Hauna haraka," ile sauti ikasema.

To... to.

"Unakaa humu?" nikauliza.

"Mimi ndiye mwenye nyumba."

Nikashtuka kwa aibu. Mwenye jengo letu hakuna aliyewahi kumwona. Kodi hukusanywa na wakala, na tulisikia tu kwamba mwenyewe ni mzee mgonjwa. Nikaona hii ndiyo bahati yangu, nikaanza kumweleza kwa upole habari za lifti, habari za maji yenye kutu, habari za ngazi zisizo na taa. Alinisikiliza. Nilipomaliza akasema:

"Na unyevu wa chumba cha nyuma."

"Sisi hatuna unyevu," nikasema.

Akavuta pumzi, na ile harufu ya udongo ikanijia usoni. Alikuwa amesogea. Nilijivuta nyuma mpaka chuma cha ukuta kikanigusa mabega.

"Nasikia mnataka nyumba."

"Tunataka." Nikafikiri, Prodige huyo. Mdomo wake hauna mlango. "Hatujaipata bado."

"Mtatoa wangapi?"

Nikatabasamu gizani. Kumbe ugonjwa wa Prodige ulikuwa umeenea jengo zima.

"Ndilo ninalolifikiria," nikasema.

"Waliotangulia walitoa wawili."

Nilielewa kwamba wawili walikuwa wamekwisha kupeleka barua zao. Ningetakiwa kuuliza, mwenye jengo la Durban amejuaje mambo ya wakili wa Uskoti? Sikuuliza. Nilikuwa nimekesha juma zima nikijaribu kukisia walichoandika watu nisiowajua, na hapa kulikuwa na mtu anayejua. Mwenye kutaka sana hasikii vizuri. Nikasema neno ambalo yeyote aliyesoma taratibu za nchi ile angelisema.

"Basi mimi nitatoa zaidi ya hao."

Hao.

Nililisikia likishanitoka. Kama ningekuwa nazungumzia paundi ningesema hizo. Kama ni bei, hiyo. Masikio yangu niliyafundisha kupuuza, lakini ulimi ulibaki wa baba yangu. Uliulizwa kwa sarufi, ukajibu kwa sarufi, bila kuniuliza mimi. Wangapi. Wawili. Hao. Hakukuwa na kosa lolote katika maneno ya yule mtu. Alikuwa ameniuliza alichotaka kuuliza, na nyumba yake haikuwa jengo letu.

Maji yakaacha kudondoka.

"Zaidi ya wawili," ile sauti ikanong'ona, karibu na sikio langu la kushoto. "Vizuri. Wataje."

Nikaubana mdomo nisimtaje yeyote.

Juu yetu, mbali, kiganja kikagonga mlango wa lifti.

"Baba?" Ilikuwa Belinda. Sauti yake ilishuka kwenye lile shimo kama kitu kilichodondoshwa. "Baba, uko humo ndani?"

"Mmoja," ikasema ile sauti.

Nikaweka mikono yote miwili mdomoni. Nilitaka kumpigia kelele arudi kwa Mama Nduwimana, na papo hapo nikaogopa kwamba nikimwita nitakuwa nimemtaja.

"Baba! Mama yuko kwenye simu!" Huyo ni Ernestina, anacheka. Kwake kukatika kwa umeme ni mchezo.

"Wawili."

Nyamazeni, niliomba moyoni. Nyamazeni, wanangu, nyamazeni...

Kisha, nyembamba, yenye kukwaruza, kutoka kwenye spika ya simu yangu mwenyewe:

"Ephraim? Mbona kimya? Ephraim?"

"Watatu."

Sijui nilipata wapi akili. Pengine ni ile miaka ya kukaa na vitabu. Nilikuwa nimesoma usiku wa jana yake kwamba katika sheria ya nchi ile, ardhi hainunuliwi kwa mdomo. Hata ukiahidi mbele ya mashahidi kumi, bila maandishi hujaahidi kitu.

"Hayashiki," nikasema. "Maneno ya mdomo hayashiki. Kwenu nyumba haiuzwi kwa maneno. Mpaka iandikwe."



"Kweli," ikasema, kwa upole, kama mtu aliyekumbushwa kitu na mwanawe. "Basi tuandike."

Barua ikatoka katikati ya vidole vyangu. Haikunyakuliwa. Ilitolewa polepole, kama unavyomtolea gazeti mtu aliyelala.

Nikasikia kalamu.

Lifti ile upana wake ni hatua moja na nusu. Nilirusha mikono mbele, kushoto, kulia. Nilipapasa kona zote nne. Nikapiga magoti nikapapasa sakafu mpaka kucha zikaingia kwenye mwanya wa mlango. Hapakuwa na mtu. Na kalamu iliendelea kukwaruza juu ya karatasi, mbele ya uso wangu, taratibu, mwandiko wa mtu anayeumba kila herufi kwa uangalifu.

Kisha ikanyamaza.

Umeme ukarudi.

Nilikuwa peke yangu, nimepiga magoti. Sakafu ilikuwa kavu. Barua haikuwepo. Lifti ikapanda kana kwamba haikuwahi kusimama, mlango ukafunguka ya tisa, na wanangu wakaniangukia shingoni.

"Mbona umelia?" Belinda akauliza.

Nikaichukua simu. Doris alikuwa bado yuko.

"Tuiache nyumba," nikamwambia. "Kesho tusipeleke kitu."

"Ephraim, kuna nini?"

"Nitakueleza. Tuiache tu."

Hakubisha. Alilia, kwa sauti ya mtu ambaye hataki watoto wamsikie, kisha akasema sawa. Nililala usingizi mzito. Hakuna barua, hakuna ofa. Kesho yake saa sita ya Uskoti, kwetu saa saba, ilifika nikiwa kaunta, nikaitazama saa ya ukutani ikipita, nikashusha pumzi.

Saa tisa Doris akapiga. Alikuwa anapiga kelele za furaha mpaka nikatoka nje ya maktaba.

"Kumbe ulitaka kunishangaza! Tumepata, Ephraim! Tumepata!"

Nikaegemea ukuta. "Tumepata vipi?"

"Barua yako ilifika kwa wakili jana jioni. One-sixty-three. Anasema aliyetufuata aliandika one-sixty-two. Wewe ni mchawi!" Akacheka. "Ila ameniuliza, chini ya tarakimu kuna neno hakulielewa. Umeandika 'watatu'."

Nikaibana simu sikioni.

"Nimemwambia ni ninyi. Wewe na watoto wawili, mnaokuja. Nimekosea?"

Nilikwenda kwa Prodige bila kupitia nyumbani. Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa.

"Lakini wewe mwenyewe ulirudi, Mwalimu. Courant ilikuwa imekatika, mimi niko na ile batterie kidogo kwa machine. Ulinipa karatasi mukononi, ukasema tuma. Adresse iko juu yake, nika-scan, nikatuma kwa email."

"Ulinionaje gizani?"

Akafikiri. Aliacha hata kunifanyia Kiswahili cha heshima. "Sikuona uso. Niliona koti. Ililowa."

Félicité akafanya ishara ya msalaba. Prodige akakasirika naye, akamwambia asilete mambo ya kijijini dukani, wateja watakimbia.

Barua yenyewe hakuwa nayo. Alisema niliichukua tena.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumzuia Doris asitie sahihi mkataba. Nilijaribu. Nilimweleza yote, neno kwa neno. Alinisikiliza vizuri, kwa sauti ile anayotumia kwa wagonjwa, kisha akaniuliza nalala saa ngapi kwa usiku. Simlaumu. Ungekuwa wewe ungemwamini nani, mume anayezungumza habari za "hao" na "hizo", au nyumba ya mawe yenye ufunguo? Akatia sahihi. Mwanzoni mwa Septemba akahamia.

Alinitumia mambo madogo madogo. Kwamba wenyeji hapo huchoma udongo uliokaushwa badala ya kuni. Kwamba chumba cha nyuma hakikauki. Kwamba jirani yake, mzee mmoja aitwaye Hardy, alimwambia nyumba ilijengwa na nahodha aliyefanya kazi miaka mingi katika bandari ya Durban, akarudi na yaya mweusi aliyemchukua kwenye rasi ya Bluff. Yaya huyo alilea watoto wa nahodha, alikufa hapo, na jina lake hakuna aliyeliandika. Na kwamba waliokaa hapo kabla ya Doris walipoteza watoto wawili katika kile kijito, majira ya baridi moja. Maji yenyewe hayafiki magotini.

"Masikini," alisema Doris. "Lakini mimi nalala vizuri sana hapa. Hata sijisikii niko peke yangu."

Bluff ndiko walikoshushwa wale Wazanzibari wa kwanza wa Durban, watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Nilimtafuta mmoja wa vitukuu wao, Mzee Pandu, aliyekuwa dereva wa kreni bandarini, sasa anakaa Chatsworth. Tulizungumza Kiingereza. Alikuwa anatazama kriketi na hakupenda kukatizwa. Hakumjua yaya yeyote. Nilipomwuliza kama amewahi kusikia mtu wa kwao akiomba kulipwa kwa watu, alipunguza sauti ya televisheni.

"Sisi ndio tulikuwa malipo," akasema. "Unataka nikwambie nini?" Akaongeza sauti ya televisheni.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Aliyezungumza nami kwenye lifti hakunitisha, hakunitukana, hakunilazimisha. Aliuliza bei. Kama ni yeye yule yaya, basi tangu utotoni mwake aliona watu wakihesabiwa na vitu vikipatikana. Labda hajui bei ya namna nyingine. Labda anaona ni haki. Siwezi kumchukia. Ninachoweza ni kumkatalia.

Viza za watoto zilitoka Septemba. Yangu haikutoka. Wanasema karatasi moja ilikosekana, na hawasemi ipi.

Nikaanza kutafuta visingizio. Belinda ana mitihani. Ernestina anakohoa. Doris aliniuliza mara ya kwanza kwa utani kama nina mwanamke. Mara ya pili hakutania. Nilimsihi auze, akaniambia hakuna anayeuza nyumba ambayo hajamaliza hata kupanga vyombo. Nilimsihi arudi hospitalini akalale bweni. Akakata simu. Félicité, ambaye aliwahi kufanya ishara ya msalaba kwa ajili yangu, sasa ananiambia mbele ya wateja: "Papa Belinda, batoto si mali yako peke yako. Mama yabo analia kule." Mama Nduwimana haniangalii. Mimi ambaye sikutaka kumhukumu mtu, nimekuwa yule mwanamume anayezuia watoto wasimwone mama yao. Na ni kweli. Ndivyo nilivyo.

Nimepiga hesabu kila upande. Wakienda, ni watatu katika nyumba ile, na mkataba umetimia. Wasipokwenda, Doris anabaki peke yake na anayemhesabu. Nikienda mimi, sifai kitu. Sikuwahi kutajwa.

Alhamisi iliyopita Doris alinijulisha kwamba anakuja mwenyewe kuwachukua. Anatua Jumapili alasiri.

Jumamosi, watoto wakiwa kanisani na Mama Nduwimana kwenye mazoezi ya kwaya, nilizichukua pasipoti zao, ya Belinda na ya Ernestina, nikazichoma kwenye sinki. Majalada hayakutaka kushika moto. Ilibidi nichane ukurasa mmoja mmoja. Picha ya Ernestina iliungua mwisho, na nilimwomba msamaha kwa sauti.

Jumapili nilikwenda uwanja wa ndege peke yangu. Nilikuwa nimepanga maneno. Kwamba mpya zitachukua miezi, na katika miezi hiyo mengi yanaweza kubadilika. Kwamba akae. Kwamba wakati huu, yuko hapa na sisi, si kule.

Alitoka akisukuma toroli. Amekonda, lakini uso unang'aa. Alinikumbatia muda mrefu, mwanamke wangu, na mimi nikamshika kama mtu aliyemtoa mtoni.

"Nisamehe nilivyokukasirikia," akasema begani mwangu. "Najua utachelewa na viza yako. Basi sisi tunatangulia. Nimekata tiketi tatu."

Nikasema, "Doris, kuhusu pasipoti za watoto..."

"Aa, hilo usihangaike." Akafungua mkoba. "Zilifika kwangu kwa posta, juma lililopita. Ulifanya vizuri kuzituma mapema."

Akazitoa. Mbili. Zimejikunja kidogo pembeni, kama vitu vilivyowahi kulowa.

Nilichukua sanduku lake kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi. Lilikuwa kubwa, na jepesi kupita kiasi. Nililinyanyua kwa kidole kimoja.

"Halina kitu," Doris akasema, akinishika mkono kwenda kwenye gari. "Ni la nguo za watoto."